Kapita Asiende Pepa

Hapa Kalemie mbwa wanajitembelea wenyewe. Jirani yangu Mama Pélagie yeye anamfunga wake kamba na kutoka naye barabarani, na watu walicheka mpaka wakachoka. Mbwa anaitwa Kapita, yaani msimamizi wa kazi. Jina lilimfaa, maana yeye ndiye aliyekuwa akimtembeza mama!

Siku moja alimvuta mpaka akaanguka kwenye reli, goti likavimba. Mume wake, Papa Hubert, mtu wa gari-moshi tangu ujana, akafoka: "Akikuangusha tena, anaenda Pepa, kule milimani, kulinda ng'ombe."

Pélagie alilia mbele yangu. Watoto wake wote wameoa na kuolewa mbali. Kapita njo anamungojea mlangoni, ni yeye tu.

Basi akakimbilia sokoni, akarudi na kola ya chuma yenye meno kwa ndani. Kapita akavuta vilevile, sasa huku anakohoa. Nikamwambia, "Toa hiyo kitu, unamunyonga!" Hakusikia. Mbishi yule, jamani!

Nikawapeleka mwenyewe, yeye na mbwa, kwa Papa Onésime, fundi wa kufundisha mbwa wa walinzi bandarini. Aliivua ile kola, akamfunga Kapita mkanda wa kifuani.

"Meno yanamuumiza tu, hayamufundishi," akasema. "Akivuta, simama. Kamba ikilegea, endelea. Na kila ukisimama kusalimia muntu, umukalishe chini."

Weee! Kwenye barabara yetu, kila mlango ni salamu: umelalaje, watoto je, mama mukubwa je. Tulikuwa tunafika sokoni samaki ndagala zimekwisha. Nilinung'unika, lakini Kapita alishika. Akisikia "jambo" tu, chini.

Jumapili moja tukitoka misa, Papa Hubert akaikamata kamba. "Leo nitajionea mwenyewe." Pélagie akanishika mkono.

Papa Hubert anatembea haraka, na salamu si kazi yake. Mama Consolate akaita toka mlangoni, "Jambo, Papa!" Yeye akapita. Kapita akakaa. Kamba ikakazika, Papa Hubert akavuta. Mbwa hata hakutikisika.

Consolate akacheka sana. "Papa Hubert, leo weye njo unavuta! Mbwa anasimama kutusalimia, weye unapita?"

Nikaziba mdomo. Papa Hubert akasimama, akarudi hatua, akakohoa kidogo.

"Jambo, Mama Consolate. Watoto hawajambo?"

Kapita akainuka, kamba imelegea. Tukaenda hivyo, mlango kwa mlango, mpaka kwao. Hapo akamrudishia mke wake kamba.

"Abaki," akasema. "Ila kesho tutoke mapema."