Kelele za Dunguni

Kaka yangu mkubwa anaumwa akili. Nasema waziwazi kwa sababu kwetu deltani watu husema "ana mambo yake" halafu wanabadili mazungumzo. Kwa miaka kadhaa hakuwa na mambo yoyote. Alilima, alicheza bao, alinitania kwamba wali wangu ni bokoboko. Kilichomweka sawa ni sindano moja kila mwezi, na muuguzi wa kumchoma alikuja kwa boti kutoka Kibiti.

Kisha safari za boti zikasitishwa. Bwana mmoja alikuja kijijini, akatukusanya, akaeleza kwamba serikali inabana matumizi: wagonjwa wa akili huku ni wachache, mafuta ya boti ni mengi, kwa hiyo anayehitaji sindano aifuate mjini. Mama akamuuliza, "Mwanangu, na maji yakiwa yamekupwa, nimbebe mgongoni?" Watu wakacheka. Bwana yule naye akacheka, tena kwa raha, akapanda boti yake akaondoka. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mwanzoni tulimpeleka. Ukodi boti, ungoje maji yajae, ulale mjini kwa jamaa ambaye naye ameshakuchoka. Mwezi mmoja tukashindwa, na uliofuata pia. Kaka mwenyewe akasema, "Niacheni, mbona mzima?" Na alionekana mzima, maana dawa ilikuwa bado mwilini.

Msimu wa kuamia ndege ukafika. Mpunga ukitia maziwa, kila nyumba huweka mtu dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo, apige kelele tangu alfajiri kuwafukuza ndege. Mwaka ule kaka alipiga kelele kuliko mtu yeyote. Alikemea, alitukana, sauti ikavuka mto. Jirani akaniambia, "Safari hii kwenu ndege watakufa njaa." Nami nikajivuna, mjinga mimi. Hata magharibi, ndege wameshakwenda kulala, alikuwa bado anakemea, na sote tukasema huyu ndiye mwanamume.

Siku moja nilimpelekea chakula cha mchana, nikakuta kwelea wametanda kwenye mpunga wetu. Kaka alikuwa ameupa mpunga mgongo. Alikuwa akikemea upande wa mto, akimwamuru mtu nisiyemwona amwache mama yetu. Mimi hakunitambua. Nilipomgusa alishuka mbio kuelekea majini, na mto wetu una mamba.

Wanaume waliokuwa mashamba ya jirani walimkamata, wakamfunga kwa kamba ya mtumbwi kwenye nguzo ya dungu hadi maji yajae. Muda wote ule alikuwa akimwita mama.

Mjini tulimkuta muuguzi wetu wa zamani amehamishiwa dirisha la watoto wenye homa. Alipoona alama za kamba kwenye mikono ya kaka, alitoka nje kwanza. Aliporudi alisema, "Dada, mimi nilikuwa hapahapa. Sindano zilikuwepo. Mafuta ndiyo walininyima."

Nimesikia wakisifiana kwamba fedha zimeokolewa. Zimeokolewa kwa nani? Mpunga wote uliliwa, tukanunua mchele sisi wakulima wa mpunga. Ndugu yangu alifungwa kama mbuzi mchana kweupe, watoto wa kijiji wakimtazama. Nina hasira, na wanaoniambia nisubiri bajeti ijayo wananiongezea.

Kaka amepata nafuu. Kila mwezi tunahangaika naye mpaka mjini, tukijibana kwa kila kitu. Msimu huu amerudi dunguni, mwenyewe ameomba. Juzi nilipita nikaona ndege wanajilia mpunga, naye ameketi juu anapunga shuka, midomo ameibana.

"Kaka," nikamuuliza, "mbona huwakemei?"

"Nikipiga kelele," akasema, "mtanifunga."