Mgonjwa wa Mama Sampe

Kwetu mtu hafi siku pumzi inapokatika. Pumzi ikikatika anaugua, na ataendelea kuugua, iwe wiki mbili au miaka kumi, mpaka nyati wa kwanza, hawa wetu wa kufugwa, achinjwe na kuanguka kwenye uwanja wa mazishi. Hapo ndipo anapokuwa maiti, mkewe anakuwa mjane, na watu wanaruhusiwa kulia kwa sauti. Kabla ya hapo ukimwita marehemu umemtukana, tena umemtukana akiwa ndani kwake anakusikia.

Mgonjwa wa Mama Sampe alikuwa ameugua muda mrefu kuliko wagonjwa wote wa kijiji. Alilala katika chumba cha kusini cha nyumba ya ukoo, amechomwa dawa za kumhifadhi, amefunikwa blanketi jekundu, kichwa magharibi. Asubuhi mkewe alimfungulia dirisha, akamwekea kahawa, akamsimulia nani kapita na kuku gani hajarudi bandani. Mchana alimpelekea wali. Jioni, sigara ikipatikana, alimwashia moja na kuiacha iishe yenyewe kwenye kisahani. Msidhani alikuwa mwendawazimu. Alijua vizuri tu kilichokuwa chini ya lile blanketi. Ila hakuwa na mwingine wa kumpikia.

Majirani walimsema. Walisema ni bahili wa nyati.

"Huyo mgonjwa wako, mwenzangu, atatuzika sisi sote," Mama Datu wa nyumba ya pili alimwambia siku moja wakipepeta mchele.

"Basi tangulieni," akajibu. "Mtapita hapa uani, atawaaga."

Mwanawe, Sampe, alikuwa akiendesha malori ya makaa ya mawe kule Kalimantan. Kila mwaka msimu wa mazishi ulipokaribia alipiga simu: nyati wapo, mama, nguruwe watapatikana, likizo nimeomba. Na kila mwaka mama hakukosa neno. Mara mpunga haujavunwa. Mara paa la ghala linavuja, wageni watakaa wapi. Mara mguu wa shangazi yako unamsumbua, tumsubiri apone. Shangazi alipona, akacheza kwenye harusi ya mjukuu wake mpaka asubuhi, na bado akasubiriwa.

Ukweli ni kwamba Mama Sampe aliogopa. Siku nyati akianguka, mume wake angebebwa mabegani kwa kelele na vicheko vya vijana, na nyumba nzima ingebaki na mtu mmoja. Aliwaza jinsi atakavyopanda ngazi jioni ya siku hiyo, na akili yake haikuthubutu kuvuka mlango.

Wageni walimsaidia. Nyuma ya kijiji chetu kuna mwamba wa makaburi, matundu yamechongwa moja juu ya jingine, na sanamu za mbao za waliokwisha kuzikwa zimesimama kwenye roshani zikitazama majaruba ya mpunga. Watu hutoka mbali kuja kuzitazama, na njia inapita uani kwa Mama Sampe. Yunus, mwalimu wa kwaya ambaye siku za kazi huongoza wageni, aliwapandisha kwanza ndani wamwamkie mwenye nyumba. "Baba Sampe, una wageni," alisema, nao wakainamisha vichwa, wengine midomo imewakauka. Mama Sampe alizipenda siku hizo. Alivaa saruni nzuri na kusema mumewe leo hajambo kidogo.

Mvua zilipokuwa zinaelekea ukingoni, Yunus alimleta mgeni mmoja tu, Ibu Hartini, yaani Mama Hartini, wa Surabaya, mama wa makamo mwenye viatu vya raba na mwavuli wa kijani. Alimwamkia Baba Sampe bila kuzubaa, kisha akaomba mama mwenyewe amsindikize mwambani. Mama Sampe hakuwa amefika kule siku nyingi. Akachukua kofia yake.

Walipita kwenye matuta ya majaruba, mmoja nyuma ya mwenzake, Yunus mbele akikohoa. Chini ya mwamba Ibu Hartini alisimama, akazitazama sanamu moja moja.

"Zinafanana na wenyewe?"

"Yule mwenye kilemba ni mama mkwe wangu," alisema Mama Sampe. "Mpaka leo ananikagua miguu kama nimenawa."

Wakacheka. Mgeni akaonyesha tundu jipya, tupu, pembeni ya mengine. "Na lile?"

"La kwetu. Limechongwa zamani."

Ibu Hartini hakuuliza zaidi, na kwa hilo Mama Sampe akampenda.

Manyunyu yaliwarudisha nyumbani. Wakakaa sakafuni mlangoni mwa chumba cha kusini, Yunus akimenya mihogo, kahawa ikizunguka. Mgeni akaanza kusema mambo yake, polepole, kama watu wasemavyo mbele ya mtu watakayeachana naye kesho.

"Wangu ametimiza mwaka kaburini. Bado napika chungu kizima, halafu namwaga. Nikisikia geti la jirani nadhani ni yeye karudi. Watoto wananiambia, mama, zoea. Sasa mtu unazoeaje, dada yangu?"

"Huzoei," alisema Mama Sampe. "Wangu alikufa mwaka ule maji yalipobeba daraja, na mpaka leo nikiwa shambani naita, nikidhani yuko nyuma yangu."

Neno lilikuwa limeshatoka. Kisu cha Yunus kilisimama kwenye muhogo. Ibu Hartini hakujua kilichotokea. Kwake yalikuwa mazungumzo ya wajane wawili, basi, akamshika mwenzake mkono na kuubana. Mama Sampe aliuacha mkono wake pale kwa sababu hakuweza kuuondoa.

Wakati wa kuondoka Yunus alibaki nyuma kwenye ngazi.

"Mama, mimi sikusikia kitu."

"Umesikia, Yunus."

"Basi nimesikia. Ila sina mdomo."

Mama Sampe akaingia chumbani, akapiga magoti kando ya blanketi. "Baba Sampe, ulimi umeteleza. Usinikasirikie." Akangoja. Miaka yote ile hakuwahi kungoja jibu, kwa kuwa alijua anasikilizwa. Sasa alingoja, na chumbani mlikuwa na blanketi na harufu ya dawa. Upweke ukamwingia pale pale, mumewe akiwa amelala mbele yake.

Akaenda jikoni kupakua, na hapo ndipo mkono ulipomgomea. Kwetu mjane hali wali mpaka mumewe azikwe. Asubuhi alikuwa mke wa mgonjwa, alikula wali na akaongeza. Sasa alishika bakuli, akalitazama, akaurudisha wali chunguni. Akachemsha mahindi, akayatafuna peke yake mbele ya jiko. Kesho yake vivyo hivyo.

Mama Datu alimkuta akipukuchua mahindi, mchele umejaa kwenye kapu kando yake. Akaangalia kapu, akaangalia mahindi. Kwa mara ya kwanza hakuwa na kejeli. Akaketi, akashika hindi, wakapukuchua pamoja.

"Mtoto ameshaambiwa?" aliuliza mwishowe.

"Leo."

Simu hushika vizuri dirishani, upande wa mbele. Sampe alipokea akiwa kazini, injini zikinguruma nyuma yake.

"Mama, shikamoo. Baba anaendeleaje?"

"Omba likizo, mwanangu. Baba yako amekufa."

Sampe, aliyeyadai mazishi hayo miaka nenda miaka rudi, akaizima injini yake. Kisha akaanza kulia, kilio cha mtu aliyepata habari sasa hivi, kinakatika na kuanza tena. Kwa mazoea mama yake akageukia chumba cha kusini, amwambie mwenzake kwamba mtoto analia. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Akaufunga, akabaki na simu sikioni.