Tembo Aliyegoma Kucheza Saa Tisa

Mjomba wangu amepiga tupa kucha za tembo kwa miaka ishirini na mbili, ila zake mwenyewe, mkewe analalamika, hazikati mpaka zitoboe soksi. Ndiyo maana kazini na mtaani wanamwita Mzee Kucha. Ukifika kwenye bustani ya wanyama ya mji wetu ukamuulizia kwa jina la kwenye kitambulisho, watakutazama kama mtu aliyepotea. Ukimuulizia Mzee Kucha, mkata tiketi atatoka kibandani akuelekeze: pita nyani, pita kobe, ukiona mtu mfupi anamfokea mnyama mkubwa, ndiye huyo.

Mnyama mkubwa anaitwa Bibi. Aliletwa kwa lori akiwa bado ananyonya, kutoka mahali ambapo hakuna aliyejisumbua kupaandika. Anaishi peke yake. Banda lake lina sakafu ya zege, ua wake una sakafu ya zege, na katikati ya ua umesimama mti mmoja uliozungushiwa vyuma asije akaugusa. Hebu pima akili iliyobuni hilo: tembo kuwekewa mti wa kutazama.

Saa kumi na mbili asubuhi mjomba anafagia, anamwaga maji, kisha anagonga chuma mara mbili kwa mpini wa tupa. Bibi anapitisha mguu kwenye uwazi na kuutua juu ya gogo. Mjomba anavaa miwani, anatafuta nyufa, vijiwe na usaha, maana zege halina huruma na unyayo wa tembo. Muda wote huo mdomo wake haupumziki.

"Leta mguu. Si huo! Huo tulimaliza jana. Unajifanya umesahau ili nikukune mara mbili? Sogea, unanikanyagia kivuli."

Ukiwasikiliza kwa mbali utadhani ni mume na mke waliochokana vizuri.

Sasa, huyu mjomba wangu ninayempenda alisema uongo mmoja mkubwa maishani, na aliusema akiwa na miezi michache tu kazini. Mtoto mmoja alimuuliza kwa nini tembo anayumba hivyo, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kichwa kikining'inia. Mjomba hakujua. Alikuwa amevaa sare mpya yenye vifungo vinavyong'aa, watu wamemkodolea macho, na kusema "sijui" mbele ya watu wote hao kulimshinda.

"Anacheza," akasema. "Kuna muziki anausikia kichwani."

Watu wakaangua kicheko. Mtoto akaanza kucheza naye. Kwa bahati mbaya mkurugenzi wa bustani, ambaye wafanyakazi wote wanamwita Mkubwa, alikuwa anapita. Wiki iliyofuata bango likasimama getini: TEMBO ANAYECHEZA, KILA SIKU SAA TISA. Haukupita mwezi, wakafunga spika juu ya banda. Na kwa kuwa chakula cha Bibi kilipangwa kutolewa saa tisa na nusu, ikifika saa tisa alikuwa na tumbo tupu tangu asubuhi, hana la kufanya wala wa kufanya naye, akawa anayumba bila kukosa hata siku moja.

Kwa miaka ishirini watu wazima, wenye kazi zao na akili zao timamu, waliipigia makofi njaa na upweke wakidhani ni furaha. Waliwabeba watoto mabegani waone vizuri.

Mjomba naye aliamini. Uongo ukiusema kila siku saa tisa kwa kipaza sauti, mwishowe unakushika na wewe.

Mwaka jana aliteleza kwenye zege lenye maji akavunjika mguu, akalazwa wiki sita. Katika wiki ya tatu alikuwa amesimama kando ya kitanda, kashika chuma cha mbele, anatazama ukuta. Nesi akapita na sinia la dawa.

"Mzee, leo umeamka na raha zako! Ni rumba hiyo?"

"Rumba gani?"

"Si unacheza?"

Mjomba akatazama miguu yake. Ule mzima na ule wa plasta. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto.

"Nimeanza saa ngapi?"

"Tangu nilipoanza kugawa dawa. Usiache, unapendeza."

Mkewe alipofika na nguo safi alimkuta amegeukia ukuta.

"Wamesema watakukata mguu?"

"Hapana."

"Sasa sura hiyo ya matanga ya nini?"

"Mama watoto, Bibi hachezi. Hakuwahi kucheza."

"Bibi yupi?"

"Tembo."

Mkewe akaweka mfuko chini taratibu. "Nimepanda magari mawili kuja kukuona, kumbe unamlilia mwanamke mwingine."

Aliporudi kazini, akichechemea, hakwenda ofisini kulalamika. Ofisi alikuwa anaijua. Alishawahi kuandika barua tatu akiomba zege ling'olewe, na zote tatu ziligongwa muhuri wa IMEPOKELEWA zikaenda kupumzika. Akaamua kufanya hila.

Hila yenyewe ilikuwa kuvuruga ratiba. Badala ya kumwagia Bibi chakula chote mara moja, alianza kukificha. Viazi vitamu akavitia kwenye pipa lenye matundu, hakitoki kimoja mpaka lizungushwe. Karoti akazisokomeza ndani ya matairi aliyoyaning'iniza juu. Mafundi waliokarabati vyoo walikuwa wameacha chungu ya mchanga. Akaihamisha kwa toroli, safari saba kwa siku na mguu wake ule, akazika kabichi humo. Kila siku mahali papya, saa mpya.

Siku ya kwanza Bibi alisimama tu akimkodolea macho.

"Usinitazame mimi," mjomba akamwambia. "Tafuta. Mimi si mhudumu wa hoteli."

Ilipofika wiki ya tatu, spika iliwaka saa tisa kamili kama kawaida, umati ukajipanga, na Bibi akawageuzia mgongo. Alikuwa na pipa lake. Kwa muda wa nyimbo mbili nzima watu walitazama makalio.

Mkubwa akaja mbio. "Mzee Kucha, mbona hachezi?"

"Hata mimi nashangaa, Mkubwa."

"Anaumwa?"

"Anakula, anakunya, ananirushia mchanga. Ninayeumwa ni mimi."

"Labda wimbo umemchosha."

"Yawezekana. Ningekuwa mimi ungenichosha mwaka wa kwanza."

Wakabadilisha wimbo. Wakajaribu kwaya, wakajaribu rumba, wakajaribu matarumbeta ya jeshi. Siku moja Mkubwa mwenyewe, na tai yake shingoni, alisimama mbele ya vyuma akaanza kuyumba ili kumkumbusha. Watoto walimwacha tembo wakamshangilia yeye. Mtunza kobe alicheka mpaka akaomba ruhusa aende nyumbani.

Lakini Mkubwa hakuwa mjinga, alikuwa mvivu tu, na siku aliyoamua kufungua kitabu cha zamu aliona saa za chakula zimerukaruka. Akamwita mjomba ofisini.

"Jumamosi wanakuja watu wa kampuni ya sabuni. Wanataka picha ya tembo anayecheza, waiweke kwenye pakiti. Kuanzia leo chakula ni saa tisa na nusu, kama zamani. Asipocheza, Jumatatu wewe unahamia kwa kobe, na Bibi atapewa mtunza nyani. Yule anafuata ratiba."

Mjomba hakuwa na ugomvi na kobe. Alichokiona wazi ni kwamba siku atakayohama, pipa litatolewa, mchanga utafagiwa, na Bibi atarudi kwenye kulia na kushoto mpaka siku ya kufa kwake, huku watu wakipiga makofi.

Nyumbani alikaa mezani bila kugusa chakula.

"Kobe nao wana kucha," mkewe akasema. "Si utapiga tupa humo humo?"

Mjomba hakucheka. Mkewe akavuta kiti.

"Basi nisikilize, baba watoto. Ule uongo si wa Mkubwa, ni wako. Yeye aliuwekea spika tu. Kama unataka uishe, useme mwenyewe, kwa mdomo ule ule, mbele ya watu wale wale."

Jumamosi asubuhi mjomba alificha chakula kuliko siku zote. Saa nane na nusu mgeni akafika: mama mmoja mrefu wa kampuni ya sabuni, viatu vyeupe, na mpiga picha nyuma yake. Mkubwa aliwatangulia akitabasamu kwa meno yote. Saa tisa spika ikalia. Bibi alikuwa amezama kwenye chungu ya mchanga, anachimbua kabichi, na kila akipata moja anajimwagia vumbi mgongoni kujipongeza. Viatu vyeupe vikapata mgawo wao.

"Mfanye acheze," Mkubwa akanong'ona bila kuacha kutabasamu.

"Anacheza saa ngapi?" mgeni akauliza, na akamuuliza mjomba, si Mkubwa.

Mjomba akavua kofia. Akashika vyuma kwa mikono miwili, akaanza kuyumba. Kulia, kushoto. Watu wakacheka. Hakuacha. Aliendelea mpaka kicheko kikapungua, kikabaki cha mtu mmoja, kikaisha.

"Alikuwa anafanya hivi, mama," akasema. "Mimi ndiye niliyesema anacheza, kwa sababu sikujua na niliona aibu. Mwaka jana nililazwa, nikabaki natazama ukuta, na mimi nikaanza kufanya hivi hivi. Sikuwa na raha hata kidogo. Ni mwili unajitafutia pa kwenda. Huyu amejitafutia pa kwenda miaka ishirini na mbili."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja akamteremsha mtoto wake begani. Mgeni akamgeukia Mkubwa.

"Nanyi mlikuwa mnalijua hili?"

Mkubwa alibanwa kama mlango wa kabati lililojaa. Akatazama umati, akatazama viatu vyenye vumbi. Kisha akapata njia, na akaipita mbio.

"Ndiyo maana tumebadilisha! Haya ya kufukua na kutafuta mnayoyaona ni mpango wangu mpya. Nimeubuni mimi mwenyewe. Mambo ya kucheza hapa yamekwisha."

Mjomba akavaa kofia yake. Mtu mwingine angekasirika kuibiwa kazi mchana kweupe. Yeye aliona mlango umeachwa wazi.

"Ni kweli kabisa, mama," akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwa nyani. "Mkubwa ni mtu wa vitendo. Mwezi ujao anang'oa zege lote hili, anajaza udongo na mchanga ua mzima. Na ule mti anaufungua. Alituahidi. Sivyo, Mkubwa?"

Umati ukapiga makofi. Mpiga picha akainua kamera. Tabasamu la Mkubwa lilikwama usoni kama picha ya kitambulisho.

"Sivyo?" mgeni naye akauliza.

"Ndivyo," akasema Mkubwa.

"Mpige picha hivyo hivyo, na vumbi lake," mgeni akamwambia mpiga picha. "Sisi tunauza sabuni."

Malori yalianza kuja wiki tano baadaye. Sitasema mambo yote sasa ni mazuri. Ua wenye udongo si msitu, na tembo mmoja si kundi. Nitalisema hilo mpaka niitwe msumbufu, na mjomba hanipingi. Ananiambia tu, "Mpwa wangu, wewe leta msitu. Ukifika nao utanikuta hapa, nitakusaidia kuushusha."

Asubuhi ya tatu baada ya udongo kusawazishwa, mjomba aliingia kama kawaida, akagonga chuma mara mbili. Hakuna mguu uliokuja. Akachungulia. Bibi alikuwa ameanguka ubavu kwenye udongo, miguu yote minne imenyooka, mkonga umelegea. Mjomba akatupa tupa, akakimbia na mguu wake mbovu akipiga yowe la msiba, akimwita daktari wa wanyama, akimwita Mkubwa, akimwita mkewe ambaye alikuwa upande wa pili wa mji.

Daktari akaja na viatu visivyofungwa kamba. Akapiga magoti, akasikiliza, kisha akaanza kucheka taratibu.

"Mzee Kucha, njoo usikie."

"Sitaki kusikia!"

"Njoo wewe. Anakoroma."

Kwenye zege Bibi alikuwa akisinzia wima, ameegemea ukuta. Mjomba hakuwahi kumwona amelala chini, hata mara moja. Akakaa kwenye udongo kando ya kichwa kile kikubwa, akafuta macho kwa kofia, na akamkataza daktari kuvuta mlango kwa nguvu.