Pikapu ya Papa Mkavu Yaenda Harusini

Kama hujawahi kuinusa pikapu ya Eusebio, mshukuru Mungu. Miaka yote imebeba papa mkavu na ng'onda kutoka Kilwa Kivinje, na harufu imeingia hadi ndani ya viti. Sasa mtu huyo huyo, jirani yangu hapa Singino, akatangaza kwamba ndiyo itakayompeleka binti yake Mary kanisani siku ya ndoa.

"Baba, nakuheshimu," Mary akamwambia, "lakini shela langu na papa, hapana. Nitapanda gari la Wasim."

Wasim ni mtoto wa mwenye duka pale Kivinje, na gari lake jeupe hunukia marashi.

Eusebio aliumia, nilimwona. Mama yake Mary alipofariki, ni yeye aliyemsuka mtoto nywele. Alisuka vibaya, lakini alisuka. Alichotaka ni kumfikisha kanisani kwa mkono wake mwenyewe.

"Nipe wiki hii," akamwomba. "Ikinuka Jumamosi, nenda na Wasim."

Wiki hiyo uani kwake hapakupitika. Aliiosha pikapu kwa sabuni na ndimu, akavivika viti kanga mpya, akaning'iniza mashada kwenye kioo. Ungedhani yatosha. Kipya kinyemi ingawa kidonda! Akafungua magurudumu ya mbele, akazisugua kwa brashi ya waya zile kalipa, vyuma vinavyoibana diski mtu akikanyaga breki, akazipaka rangi nyekundu. Nikamuuliza nani ataziona huko ndani.

"Mungu," akanijibu.

Rangi aliipata kwa Yassini, fundi wa mashua. "Hii inapigana na maji ya chumvi mwaka mzima," Yassini akatamba, "itashindwa na gurudumu?" Sote tukaafiki, maana kwetu sisi rangi ikishaishinda bahari imeshinda kila kitu. Hakuna aliyekumbuka kwamba bahari haichomi.

Jumamosi Mary aliizunguka pikapu, akaingiza pua dirishani, akanusa, akanusa tena. Halafu akapanda. Vigelegele vilivyopigwa, hata kuku walikimbia! Wasim akafuata nyuma, gari lake limejaa mashangazi.

Eusebio alikuwa anaogopa kumtikisa bibi harusi, basi mteremko wote wa Singino mguu wake ulikuwa juu ya breki. Tulipofika katikati, magurudumu ya mbele yakafuka moshi, na harufu iliyokuja ilikuwa mbaya kuliko papa. Akasimama. Wasim akaruka kutoka garini, akainama kuchungulia.

"Breki nzima, mzee. Ni rangi ya mashua tu inaungua."

Mashangazi wakacheka hadi wakashikana. Eusebio akashuka, akafungua mlango wa Mary, na uso wake ulinitia uchungu.

"Nenda na Wasim, mwanangu. Nimekuaibisha."

Mary akauvuta mlango, akaufunga. "Ingia, baba. Zikipoa tutashuka kwa gia, breki uziache zipumzike. Naolewa mara moja tu, na dereva wangu ni wewe."

"Na harufu je?"

"Tutafungua madirisha."

Eusebio akaingia, akashika usukani, akalia waziwazi kama mtoto. Na mimi kule nyuma kwenye bodi nikalia naye, mpaka Mary akapaza sauti: "Baba, futa machozi uione njia! Padri anatusubiri!"