Mkia wa Kirusi na Minazi ya Jirani

Miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini kwetu Palma, ukifungua kompyuta barazani wewe ni mtu wa gesi, hata ukila kiapo. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa biolojia, nimerudi likizo na kazi ya chuo: kuonyesha kila jeni ya kirusi kimoja kinachoshambulia bakteria inaanzia wapi na inaishia wapi.

Jirani yetu, bibi mjane, alikuwa na minazi kando ya njia ambako wapimaji wa kampuni ya gesi walishaanza kupigilia vigingi. Aliponiona nimeinamia mistari ya herufi, akaniletea sahani ya pweza wa nazi.

"Mjukuu wangu, minazi yangu usiitie humo."

"Bibi, humu hamna gesi. Ni kirusi, kidudu kisichoonekana."

"Ndivyo mnavyosema nyote wa empreza ya gesi."

Kesho yake akaleta mkate wa kumimina. Kila nikikana, sahani inazidi kunona. Mama yangu, bila haya, akanihimiza nikane kwa bidii zaidi.

Nami nilikuwa na balaa langu. Jeni mbili za kujengea mkia zilifuatana, na ya pili haikuwa na mwanzo. Mashine ya seli husoma herufi tatu tatu, lakini kwenye virusi kama hivi kuna mahali penye utelezi ambapo hurudi nyuma herufi moja, kisha huingia jeni ya pili kama vile hakuna kilichotokea. Utelezi wenyewe siuoni! Nilikitukana kirusi kile hadi mama akaniuliza kama nimegombana na mchumba.

Adhuhuri moja nikaziona: G nne, A tatu, palepale jeni zinapopandana. Nikaruka. "Nimepata!"

Bibi akaja mbio, machozi yanamtoka. "Umepata shambani kwa nani?"

Nilimwonea huruma, na pweza wake nikamwonea aibu. Nikamketisha, nikapanga korosho mkekani, kila korosho herufi moja, nikazisoma kwa kidole tatu tatu kama mashine ya seli. Penye utelezi nikarudisha kidole korosho moja, nikaendelea. Alifuata kwa makini, akaila A moja.

"Imekosea?"

"Hapana, bibi. Imepangiwa kurudi. Isiporudi, mkia haujengeki."

Akatafuna taratibu, akitazama vigingi njiani.

"Na hao wa empreza, hawakupangiwa kurudi nyuma?"

"Sidhani, bibi."

"Hatua moja tu, mjukuu wangu. Hapo minazi mitatu inapona."