Kikohozi cha Mashineni

Ukifika na gari kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Makanyagio, siku ambayo Kalisti yupo, kabla hujazima injini ameshakuja kuchungulia viti vya nyuma. Wageni humwona mwehu. Juzi dereva mmoja alimtukana, nami nikamjibu dereva huyo maneno ambayo sitayaandika hapa.

Kalisti ni mkulima wa kijiji cha Mwamkulu, zamani mtu wa utani mwingi. Miaka mitatu iliyopita alileta magunia manne ya mpunga kwa gari aliloazima kwa shemeji yake. Kwenye kiti cha nyuma alilala bintiye Agatha, wa miaka miwili, aliyekuwa na kifua. Asubuhi ile Pelagia, mkewe, alikuwa amemwonya: "Baba Agatha, usimwingize mtoto kwenye vumbi la pumba. Anakohoa."

Basi hakumwingiza. Aliegesha mbali na lundo la pumba, akafunga vioo vyote vumbi lisipenye, akaenda kusimamia mpunga wake. Kwetu huwezi kuuacha mpunga mashineni. Ukigeuka tu, mchele wako umechanganywa na chenga za mwenzio. Umeme ulikatika, ukarudi, foleni ikasogea taratibu. Alikaa saa moja na nusu. Mara moja alinyoosha shingo, akaona gari limetulia juani, akajua mtoto bado amelala.

Mimi nauza maandazi palepale. Nililipita gari lile mara mbili bila kuchungulia. Nalisema hili kwa aibu.

Alipofungua mlango, joto lilitoka kama la tanuri la matofali. Tulimmwagia Agatha maji, tukamkimbiza hospitali kwa bodaboda. Hakuamka.

Msibani Pelagia alikuwa akirudia neno moja tu: "Ni mimi niliyesema vumbi."

Kalisti alipiga magoti mbele yetu wanawake wote. "Mama Agatha, wewe ulisema vumbi. Kumwacha nilimwacha mimi."

Mwaka jana walijaliwa mtoto mwingine, Denis. Wakija kukoboa, Pelagia humfunga mgongoni na kuingia naye ndani, kisha hutoka wote weupe kwa vumbi. Denis hukohoa. Kila akikohoa, Kalisti humgeukia, na mabega yake hushuka. Sijaona mtu mwingine anayefarijika hivyo kwa kikohozi cha mwanawe.