Sufuria ya Mwisho Ilikwenda Nyumbani

Jua limeshapanda, mafundi wenzake wameshamwaga alumini ya kwanza, na fundi huyu wa sufuria bado hajawasha tanuri. Amekaa juu ya debe lililopinduliwa, mbele yake rundo la chakavu: vipande vya injini, mabomba, mapanga ya feni, miguu ya viti. Anachukua kimoja kimoja na kukikwaruza kwa ncha ya msumari.

Kipande kikikwaruzika kwa urahisi, anakitupa kwenye ndoo yenye mfuniko. Kikigoma, anakigonga kwa nyundo, anakisikiliza, kisha anakiweka upande wa kuyeyushwa. Mwanzoni alikuwa akikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, mpaka watafiti waliokuja kupima sufuria zake walipomkemea kwamba mkono huo huo ndio anaoulia chakula.

"Chuma laini ndicho adui," anasema bila kuinua kichwa. "Zamani ndicho kilikuwa rafiki yangu."

Fundi wa karakana ya pili, ambaye ametenganishwa naye kwa bati tu, hawezi kukaa kimya. "Nzito, unachagua chuma huko au unachagua mchele?" anauliza, na wengine wanaangua kicheko. Fundi wetu anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, lakini haitiki. Nzito ndilo jina lake la kazini, alilopewa kwa sababu ya sufuria zake, na tangu mwaka huu uanze hapendi kulisikia.

Kazi hii alifundishwa na mjomba wake akiwa bado hajaota ndevu. Sasa ana mvi na mjukuu. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kutembeza bidhaa mitaani. Chema chajiuza, na sufuria zake zilijiuza: mteja aliinyanyua moja, akaona mkono unashuka, akalipa bila kubishana sana. Sufuria nyepesi, waliamini wote, muuzaji na mnunuzi, ni ya kuunguzia chakula.

Palikuwa na ujanja mdogo uliojulikana na kila fundi wa mtaa huu. Alumini ya chakavu ni mvivu kutiririka. Huganda kabla haijajaza kalibu, yaani lile umbo la mchanga linaloipa sufuria sura yake. Kwa hiyo walikuwa wakitupia ndani ya chungu cha kuyeyushia kipande cha chuma laini, chenye rangi ya majivu, kutoka kwenye betri kuukuu za magari au mabomba ya zamani. Wao walikiita kilainisho. Jina lake halisi ni risasi.

Na palikuwa na desturi nyingine, ya mafundi peke yao. Chuma kilichoyeyuka huchotwa kwa upawa, kuanzia juu kwenda chini. Sufuria za kwanza huuzwa. Ile ya mwisho, inayotokana na kilichobaki kitakoni mwa chungu, haikuuzwa. Ilitoka nene na nzito kuliko zote, na mjomba alimfundisha kwamba nguvu ya chuma hutulia chini, kama sukari kwenye chai isiyokorogwa. Sufuria hiyo iliitwa ya nyumbani. Fundi aliyeuza ya nyumbani alihesabiwa kuwa mchoyo kwa watoto wake.

"Mimi sikuwa mchoyo," anasema. "Kwangu hapakuwa na sufuria nyingine. Mke wangu amepikia hizo tangu nimemuoa. Binti yangu alipoolewa nikampa moja ya nguvu, mpaka mkwe wangu aliibeba kwa mikono miwili akasema, baba, hii ni sufuria au nanga?"

Anacheka mpaka hapo, kisha anaacha.

Watafiti walifika mwishoni mwa mwaka jana. Walikuwa wakichunguza kemikali zinazoingia kwenye chakula bila mlaji kujua, na namna ya kuzipunguza. Kiongozi wao ni mwanamke mpole anayewaamkia wakubwa kwanza ndipo aseme lililomleta. Walinunua sufuria kwa kila fundi, wakachemsha ndani yake maji yenye siki, yakakaa motoni kama ukaavyo mchuzi wa nyanya, kisha wakayapima maji yale.

"Aliporudi akatuambia sufuria zetu zina risasi," fundi anakumbuka. "Tukacheka. Nikamwambia, dada, mimi nimefanya mengi duniani, lakini kuua mtu kwa risasi bado. Yeye hakucheka. Akasema, hii haina mlio, mzee."

Aliwaeleza taratibu. Risasi huingia mwilini kidogo kidogo pamoja na chakula, hasa chakula kichachu na kile kinacholala ndani ya sufuria. Mtu mzima humharibia figo na kumpandisha presha. Mtoto mdogo humuumiza ubongo, na kidonda chake hakionekani. Mtoto huchelewa kusema, husahau upesi, na watu humwona mzito wa kuelewa.

Jambo moja lilikuwa limewatatiza watafiti wenyewe. "Sufuria mbili za siku moja, za mkono mmoja, zilikuwa tofauti kabisa," anasema kiongozi wao katika maabara yake, chumba chenye meza nyeupe na sufuria zilizopangwa sakafuni kama dukani. "Nikaomba nikae karakanani kwa mzee wakati anamwaga, niweke alama kila sufuria kwa jinsi zilivyofuatana."

Majibu yalieleweka hata kwa asiyesoma. Sufuria ya kwanza ilitoa risasi kidogo, zilizofuata zikazidi, na ya mwisho ikatoa mara thelathini ya ile ya kwanza. Risasi ni nzito kuliko alumini, na mbili hizo hazichanganyiki vizuri. Zikiyeyushwa pamoja, risasi huzama chini ya chungu na kungoja upawa wa mwisho.

"Nikamuuliza, mzee, hii ya mwisho huwa mnamuuzia nani?" anasema mtafiti. "Akasema, haiuzwi. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye majivu."

Fundi naye anaikumbuka siku hiyo. "Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi kikulacho nilikimwaga kwa mkono wangu, nikakisugua kikang'aa, nikawapelekea watu wangu kama zawadi."

Hofu yake ilikuwa na sura ya mtoto mmoja. Binti yake, mtoto wao wa pekee, ana mwana anayekaribia miaka mitatu, mwenye macho makubwa na maneno machache kuliko vidole vya mkono mmoja. Ukoo ulikuwa umeshalijadili jambo hilo na kulifunga. Watoto wa kiume huchelewa, walisema bibi zake wote wawili. Babu ndiye aliyekuwa na utani zaidi. Alizoea kusema kwamba huyu anaweka akiba ya maneno, atayatoa yote siku ya harusi yake. Baada ya majibu ya maabara, utani huo ulimkaukia mdomoni.

Nyumbani kwake alizitoa sufuria zote siku iyo hiyo. Kwa binti yake alishindwa kufungua mdomo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hilo alilijua, lakini aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa moto au chuma kinachochemka. Aliogopa uso wa binti yake utakavyokuwa akishaambiwa.

Basi akaanza vituko. Alikwenda akasema sufuria ile imechakaa, ampe ili amletee mpya. Binti akakataa, akasema ile ni ya harusi yake. Akaenda tena, akasema ameona imepinda mfuniko, anataka kuunyosha. Binti akampa mfuniko. Safari iliyofuata alimkuta binti uani akianika nguo. Akajipenyeza jikoni, akaitia sufuria kwenye gunia na kutokea mlango wa nyuma. Jirani aliyekuwa dirishani aliona mgongo wa mwanamume na gunia, akapiga kelele za mwizi.

"Mtu mzima na mvi zangu, nimekumbatia gunia, watu wamenizunguka," anasimulia. "Binti yangu akaja, akafungua gunia, akaniambia kwa sauti ya chini, 'Baba, kama una shida si ungeniambia?' Hapo ndipo nilipolia. Alidhani nakwenda kuiuza."

Alimwambia yote pale pale uani. Binti hakupiga kelele wala hakumlaumu. Aliingia ndani, akambeba mtoto, akamshika kwa muda mrefu. Wiki hiyo mtoto akapelekwa hospitali akatolewa damu.

Risasi katika damu yake ilikuwa mara sita ya kiwango ambacho madaktari wakikiona huanza kushtuka. Daktari aliwaambia wazazi kwamba chanzo kikiondolewa, na mtoto akila vizuri vyakula vinavyoongeza damu, sumu itapungua mwilini mwezi hadi mwezi. Walipomuuliza kama yaliyokwisha kuharibika kichwani yatarudi, alisema hawezi kuwadanganya, hajui.

Hiyo ndiyo sababu tanuri linachelewa kuwashwa. Fundi hatii tena kilainisho, hagusi betri, na hukifuta chungu chake kabla ya kila mmwago. Ili alumini itiririke bila kusaidiwa anaichemsha zaidi, na makaa yanamla. Alikuwa akitoa sufuria nane kwa siku, sasa akitoa tatu anashukuru, na mapato yake hayafiki nusu ya yale ya zamani. Kila wiki mtafiti huchukua moja ya kupima. Za karibuni zimetoa risasi kidogo sana, ingawa mtafiti mwenyewe anaonya kwamba chakavu ni chakavu, na kipande kimoja kilichopenya kinaweza kuharibu kazi ya siku nzima.

Zile za zamani hazifai kuyeyushwa upya, kwa kuwa sumu ingehamia kwenye mpya. Amezikabidhi maabara, ikiwemo nanga ya mkwe wake.

Kuhusu wenzake wanaomcheka, hana kinyongo. Anasogea karibu na mwandishi wa makala hii na kushusha sauti, kwa maana bati halizuii maneno. "Mchana wananicheka. Jioni wanakuja mmoja mmoja wananiuliza mtoto hupimwa wapi. Kila mmoja wao ana ya nyumbani."

Alasiri anafunga karakana mapema na kwenda kwa binti yake. Mkononi amebeba sufuria ya chuma kisichoshika kutu, aliyoinunua dukani, bado ina karatasi ya bei. Njiani anaeleza kwamba muuza duka alimtambua na kumuuliza kama amefilisika.

Nyumba ni vyumba viwili na jiko dogo lenye dirisha la wavu. Binti anampokea baba yake kwa heshima, anaipokea sufuria kwa mikono miwili, na mikono hiyo inapanda juu ghafla kwa sababu ilitegemea uzito. Wote wawili wanacheka kidogo. Ana mimba inayoonekana sasa. Mtoto yuko sakafuni anapanga vizibo vya chupa kwa rangi, na babu yake anamtazama kwa makini kama vile anahesabu jambo.

Binti anaosha sufuria mpya akiwa amewapa mgongo. "Baba," anasema, "jana nilikuwa kliniki. Daktari ameniambia risasi hujificha kwenye mifupa miaka na miaka. Mwanamke akishika mimba inatoka huko, inamfuata mtoto. Anataka na mimi nipime."

"Upime, mama. Ni vizuri," fundi anajibu.

"Ameniuliza nilianza lini kula kwenye sufuria kama ile. Nikamwambia tangu nilipoolewa." Anafunga bomba la maji na kugeuka. "Nilimjibu sawa?"

Fundi anakiangalia kiganja chake, anakifunga, anakifungua. Mwandishi anatamani kuwa nje ya jiko hilo.

"Hapana, mwanangu," anasema. "Tangu uji wako wa kwanza."

Binti anaweka mkono tumboni. Kisha anavuta kigoda, anamkalisha baba yake, na yeye anakaa sakafuni karibu na magoti yake, kama pengine alivyokuwa akikaa utotoni. Wanakubaliana watakwenda kupima pamoja, siku ijayo ya kliniki, yeye na baba na mama.

Tunapoagana mlangoni, mwandishi anamuuliza fundi anatumaini nini. Anasikiliza vizibo vinavyogongana ndani.

"Babu wengine huomba mjukuu afanane nao," anasema. "Mimi naomba huyu anayekuja asirithi kitu chochote kutoka kwangu."